"Ongezeni sekunde mbili tu": nani aliwadanganya kwamba katuni ya mkono inavutika kama mpira?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, makosa mtanivumilia. Na wale wa "fupisha mkuu", huu hauna kifupi.

Tuko wanne. Wawili tunachora mienendo, mmoja anasafisha mistari, mmoja anaskani na kupaka rangi. Filamu ni ya dakika sita, karatasi na penseli mwanzo mwisho, kompyuta inaingia kwenye rangi tu. Mwenye mradi alitufuata mwenyewe akitaka hivyo, eti "ionekane mkono wa mtu". Haya, mkono wa mtu kaupata. Sasa anataka ufanye kazi kama mashine.

Ugomvi wote ni wa shoti moja. Bibi anatunga uzi kwenye sindano, sekunde tisa. Anakosa tundu mara ya kwanza, anakosa ya pili, analamba ncha ya uzi, anavuta pumzi, ya tatu unapita. Hakuna maneno pale, ni pumzi tu. Sauti tulirekodi kwanza, ndipo tukachora kuifuata. Kila pumzi tuliihesabu kwa fremu, yaani vile vijipicha vinavyopita mfululizo kwenye filamu, tukaiandika: hapa kifua kinapanda, hapa kidole kinatetemeka, hapa jicho moja linafumba. Ile mikono nimeichora mimi. Niliweka kioo mezani nikatunga sindano mpaka macho yakatoa machozi, nijue kidole gumba kinajificha wapi uzi unapopita.

Storibodi, ile michoro ya kupanga hadithi shoti kwa shoti, mwenye mradi aliipitisha. Tukaiunganisha na sauti, makusudi kabisa, ili aone urefu wa kila shoti kabla hatujagusa karatasi safi. Nayo akaipitisha, tena mara mbili, ya pili kwa maandishi. Ninayo.

Juzi, rangi imeshaingia, analeta muziki mpya. Mzuri, simnyimi haki yake. Ila palepale kwa bibi ni mrefu kuliko ule wa zamani. "Ongezeni sekunde mbili tu hapo mwishoni." Jana akaja na jingine: "Ile anayokosa mara ya kwanza ipunguzeni, naona anachelewa." Yaani mwanzoni nikate, mwishoni nirefushe, katikati nibaki na akili timamu.

Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Sisi tunachora picha moja kwa kila fremu mbili, kwa hiyo picha 12 kwa sekunde. Sekunde mbili ni picha 24. Ila shoti ile ina tabaka mbili, mwili peke yake, mikono na uzi peke yake, basi ni 48. Na kila moja inapita mikononi mara tatu: rafu, safi, rangi. Hiyo ndiyo "tu" yake. Mwaka 1908 Mfaransa Émile Cohl alichora picha kama 700 kupata filamu isiyofika dakika mbili, naye alikuwa akiipa kila picha fremu mbili. Zaidi ya miaka 100 imepita na hakuna aliyepata njia ya mkato kwenye hilo.

Nikamweleza taratibu. Jibu lake: "Si muirudie ile picha ya mwisho ikae hapo?"

Jamani. Picha ya penseli ukiigandisha sekunde mbili inakufa. Mstari wa mkono haufanani kutoka karatasi hii hadi ile, ndiyo maana unachezacheza, na mtazamaji anauzoea bila kujua kama kauzoea. Ukituama ghafla anadhani video imekwama. Hata mtu aliyekaa kimya tunamchora mkao uleule mara tatu au nne, tunazizungusha, ili apumue. Na huyu bibi hajakaa kimya, anashusha pumzi inayosikika!

Kukata ndiyo balaa zaidi. Watu wanadhani ni mkasi. Mkono hauendi mwendo mmoja. Unaanza polepole, picha zimebanana, katikati zinaachana, ukikaribia tundu zinabanana tena, mpaka ya mwisho na ya kabla yake zinapishana unene wa mstari. Nyofoa kumi za katikati uone: sindano iko kifuani, ukipepesa jicho iko puani. Inabidi njia yote ichorwe upya.

"Basi kompyuta ijazie." Tulijaribu, sifichi ujinga wetu. Programu ikashindwa kutofautisha uzi na kidole cha shahada, bibi akaota kidole chembamba kirefu kinachopenya tundu la sindano. Mwenzetu wa rangi alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikucheka.

Kosa letu nalijua, msihangaike kunionyesha. Makubaliano yanasema "marekebisho madogo hayana malipo ya ziada". Madogo! Yeye anapima kwa sekunde, sisi tunapima kwa karatasi.

Na nisisahau: jana hiyohiyo katuma orodha ya majina ya mwisho wa filamu, msafisha mistari hayumo. Kisa "anafuatisha tu". Huyo anayefuatisha tu ndiye aliyegusa kila uso utakaouona humo ndani, na kama si yeye bibi angekuwa na pua nne tofauti kwa dakika sita.

Ushauri wa kuvumilia sitaki, nimeshapewa nyumbani. Wa "hamieni kwenye 3D" pia pita kushoto. Ninachotaka ni mtu aliyewahi kuandika kwenye mkataba kwamba sauti ikishapitishwa imefungwa, na kila badiliko baada ya hapo linahesabiwa kwa picha. Nibandikie hapa maneno yenyewe, yalivyo, hata kama ni mistari miwili.

Nipo kwenye picha ya 31 kati ya 48. Anataka kuona kesho asubuhi. Bibi kainua sindano, uzi bado uko nje.