Naombeni ushauri: nimpeleke bi mkubwa mgahawa gani wa Kireno hapa London?

Wadau habari zenu. Mama anakuja kututembelea kutoka Tanga, na mimi nataka siku moja nimtoe akale kitu cha tofauti, nimefikiria migahawa ya Kireno kule Stockwell, South Lambeth Road, pale Wareno ni wengi hasa wale wa Madeira. Mama ni mtu wa pwani, pweza na samaki ndo chakula chake, na Wareno kwa pweza wa kuoka na mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na viazi wako vizuri sana jamani.

Sasa shida ni nguruwe. Bi mkubwa hagusi kabisa, na wenzetu wanamweka hadi usipotegemea, ile supu yao ya sukuma, caldo verde, inakuja na vipande vya soseji ya nguruwe, na kome wengi wanapikwa na mvinyo mweupe. Nikiagiza samaki wa kuchoma, ni sawa kumuuliza mhudumu kama jiko ni lile lile la nyama, au ntaonekana msumbufu? Mana sitaki mama ale kwa wasiwasi.

Halafu ile mikate na zeituni wanazoweka mezani hujaagiza, Lisbon ukila unalipia, je na London ni hivyo hivyo?

Bajeti ni kama pauni 100, watu wanne. Aliyewahi kwenda na wazazi anitajie sehemu tulivu, isiwe na tivii ya mpira inapiga kelele.