Tupeane uzoefu: faili la Access la ofisi nzima likigoma kufunguka, ulimpataje aliyelishika?

Mtunza Daftari:
Wakuu, habari za jioni. Natunza kompyuta za chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Tuna kompyuta saba, na taarifa zote za wanachama ziko kwenye faili moja la Access (programu ya Microsoft ya kutunza taarifa kwenye majedwali), ndani ya folda ya pamoja kwenye kompyuta tunayoiita seva. Siku nyingi linafunguka bila shida. Ila kuna asubuhi mtu mmoja akishaingia, wengine sita wanaambiwa faili linatumika, na hapo ndiyo basi. Foleni inafika getini.

Naandika kwa sababu ya kosa nililofanya mwezi Machi. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, faili likagoma, nikaenda moja kwa moja kuizima seva na kuiwasha. Sikumuuliza mtu. Kumbe dada wa kaunta ya pili ndiye aliyekuwa ndani, yuko katikati ya kuingiza marejesho. Seva ilipowaka, faili likadai limeharibika. Nikalipitisha kwenye Compact and Repair, amri ya Access ya kubana na kurekebisha faili, likafunguka, lakini jedwali la marejesho lilikuwa na mistari iliyojaa alama za reli tupu mahali pa majina na kiasi. Nakala rudufu ya karibu ilikuwa ya Jumatano. Jumamosi na Jumapili tulikaa mimi na yeye, risiti zimefungwa raba bendi, yeye anasoma namba, mimi nachapa. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo limenikaa rohoni.

Sitaki kuizima tena seva nikiwa gizani. Mliopitia haya, mlijuaje nani kashika faili, na chanzo kilikuwa nini?

Stoo ya Dawa:
Pole sana mkuu. Anza na folda, faili baadaye.

Mtu wa kwanza akifungua, Access inaunda faili dogo kando ya lile kubwa: jina lile lile, mwisho wake ni .laccdb (kwa mafaili ya zamani ya .mdb ni .ldb). Hilo ndilo daftari la mahudhurio. Wa mwisho akitoka, linafutwa.

Kwenye zahanati yetu, kijana wa mapokezi akiwahi kufungua yeye, hilo faili dogo halitokei kabisa na hakuna mwingine anayeingia. Akitangulia mtu mwingine, sote tunaingia, na yeye pia. Tulihangaika wiki tatu tukidhani kompyuta yake ni mbovu, tukabadilisha hadi waya. Kumbe akaunti yake iliruhusiwa kusoma na kuandika kwenye faili, ila haikuruhusiwa kuunda faili jipya ndani ya folda. Access ikishindwa kuandika daftari lake, inamwachia aliyetangulia faili zima peke yake. Kila mtumiaji anatakiwa aweze kusoma, kuandika, kuunda na kufuta ndani ya folda ile. Na ruhusa zinakaa sehemu mbili, kwenye kushirikisha folda na kwenye usalama wa folda yenyewe. Kagua zote mbili.

Mama Ankara:
Naomba niongezee hapo kwenye daftari la mahudhurio, maana kwetu liliumiza mtu.

Unaweza kulifungua kwa Notepad. Utaona herufi zimebanana, ndani yake jina la kompyuta, likifuatiwa na jina la mtumiaji. Sisi tulilifungua tukakuta neno Admin kila mahali. Mkuu wa idara akahitimisha kwamba kaka wa kompyuta ndiye anayeingia kwenye faili usiku, akaandikiwa barua ya kujieleza. Ukweli ni kwamba Admin ndilo jina ambalo Access humpa kila mtu pasipo majina yaliyowekwa maalumu. La kuangalia ni jina la kompyuta. Na hata hilo usiliamini lote: aliyetoka jina lake linaweza kubaki pale hadi mwingine achukue nafasi yake. Kaka yule alisafishwa baadaye, ila aliomba uhamisho.

Njia ya uhakika ni kwenye seva yenyewe: fungua Computer Management, nenda Shared Folders, kisha Open Files. Pale utaona nani ana faili mkononi sasa hivi. Unampigia simu, anafunga mwenyewe. Kulifunga kutokea pale kwenye seva ni hatua ya mwisho kabisa, maana kama alikuwa anaandika, yatakuwa yale yale ya Machi.

Klia wa Kilindini:
Salamu kutoka Mombasa. Sisi ni ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na shida yetu ilikuwa waifai. Kijana mmoja alikuwa na tarakilishi ya mapajani, anaifungua hifadhidata mezani, kisha anaibeba wazi hivyo hivyo kwenda yadi kuhesabu makontena. Akifika kwenye geti mawimbi yanakatika. Access haivumilii hilo hata kidogo, kwa sababu kila tarakilishi inasoma na kuandika kwenye faili moja kwa moja kupitia mtandao. Hakuna programu ya kati inayopokea maombi na kuyapanga. Uunganisho ukikatika katikati ya kuandika, kilichoandikwa nusu kinabaki nusu. Tulivuta waya kwa kila meza, na wa yadi tukampa fomu ya karatasi, anaingiza akirudi.

Fundi Waya:
Kama ni Windows 10 au mpya zaidi na mnaona ujumbe kwamba hifadhidata iko katika hali isiyo thabiti, angalieni hili pia. Lilianza kutusumbua 2018, baada ya toleo la 1803 la Windows 10. Mashine hukopeshwa na seva haki ya kujiwekea sehemu ya faili kwenye kumbukumbu yake, na kwa Access mkopo huo ulikuwa unaharibu mafaili. Kwenye kompyuta inayotunza faili, ndani ya rejista ya Windows (pale inapotunza mipangilio yake), sehemu ya LanmanServer, Parameters, tuliweka DisableLeasing yenye thamani 1, kisha tukaiwasha upya watu wote wakiwa wametoka. Hatukuuona tena ujumbe ule.

Stoo ya Dawa:
Na tafadhali, faili lisikae kwenye folda inayojipakia mtandaoni kama OneDrive au Dropbox. Huko kila mtu anaandikia nakala yake.

Bi Hesabu:
Kuna kufuli jingine dogo ambalo watu hulichanganya na hili. Faili linafunguka kwa wote, ila ukitaka kurekebisha mwanachama mmoja unaambiwa amefungwa na mwenzako. Mwenzako naye anaapa yuko kwa mwanachama mwingine, na anasema kweli! Kwetu ilikuwa mwanachama namba 412 na 413, kila mara. Access inaweza kufunga ukurasa wa kilobaiti 4, na rekodi fupi zinazofuatana hukaa ukurasa mmoja. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kufunga rekodi moja moja. Kiwekeeni alama kwenye mashine zote, kwa sababu anayefungua faili wa kwanza ndiye anayeamua utaratibu wa siku hiyo.

Mtunza Daftari:
Wakuu, asanteni sana. Jumatatu niliwahi kabla ya wote nikakagua mashine moja moja. Ruhusa za folda zilikuwa sawa. Nilichokikuta kiko kwenye mashine ya meneja: mipangilio ya Access yake, kwenye namna ya kufungua, ilikuwa imewekwa Exclusive badala ya Shared. Akiwahi kuingia saa moja na nusu kutazama salio, anakuwa amelishika faili peke yake bila kujua. Nilimweleza, akasikitika, tukabadilisha pamoja. Nimeligawa pia faili: majedwali yamebaki kwenye seva, fomu na ripoti kila mtu ana nakala yake kwenye mashine yake. Dada wa kaunta ya pili amepewa uwezo wa kuona Open Files, ili hata nisipokuwepo aweze kujua wa kumpigia.

Mama Ankara:
Umefanya vizuri, hasa hilo la dada. Lile faili zima la zamani, la kabla ya kugawa, umeliondoa kwenye folda? Kama njia zao za mkato bado zinaelekea kule, leo leo kuna mtu anaingiza marejesho ndani yake.

Mtunza Daftari:
Bado lipo. Naenda kuliondoa sasa hivi.