Marumaru juu ya sakafu ya mbao, naandaaje?

mamaNyumba:
Habari zenu wakuu. Nina bafu la ghorofani, sakafu yake ni plaiwudi iliyopigwa misumari juu ya boriti, nataka niweke marumaru za seramiki. Fundi wa kwanza kasema tunabandika tu hapo hapo na gundi nzuri imeisha hiyo, wa pili kasema lazima itangulie bodi ya simenti. Sasa ukipita karibu na mlango sakafu inalia kwi kwi na pembeni ya choo naona kama inabonyea hivi. Hiyo bodi ya simenti ndio itaikaza au? Naombeni msaada kabla sijanunua chochote.

seremala_mkongwe:
Dada yangu, hapana, bodi ya simenti haikazi sakafu hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela zao. Kazi ya bodi ni kuipa gundi mahali pazuri pa kushika na kutenganisha marumaru na mbao, maana mbao inavuta unyevu inatanuka, ikikauka inarudi, marumaru yenyewe haijui mambo hayo. Ugumu unatoka kwenye boriti na plaiwudi basi. Kipimo cha seramiki ni hiki, chukua urefu wa boriti kutoka egemeo hadi egemeo ugawanye kwa 360, isibonyee zaidi ya hapo. Kwa hiyo boriti ya mita 3.6 mwisho wake ni sentimita 1, na ukiweka mawe ya asili ni nusu ya hiyo. Weka glasi ya maji sakafuni halafu mtu mzito aruke kidogo pembeni, maji yakicheza sana ujue kuna kazi chini.

Hapo pembeni ya choo chukua bisibisi uchomechome. Ikizama kama kwenye mkate mbao imeoza, kata kipande chote mpaka katikati ya boriti za pande mbili, weka plaiwudi mpya ya unene ule ule, na uvujaji utafutwe kwanza kabla ya kufunika. Ile kwi kwi ni misumari imelegea, inapanda na kushuka kila ukikanyaga, piga skrubu kwenye boriti sakafu nzima sio mlangoni tu.

kijana_wa_saiti:
Mzee kamaliza, naongeza tu kwamba ubapa nao ni muhimu, ukaze usikaze kama sakafu ina mabonde marumaru zitapishana vichwa. Laza rula ndefu ya alumini ya mita 3, upenyo chini yake usizidi milimita 6, na kama marumaru zako ni kubwakubwa isizidi 3. Kichuguu piga randa au msasa. Ila bodi mimi nakaza kwa skrubu tu, gundi chini yake naona ni kupoteza material.

seremala_mkongwe:
Hapo kwenye gundi nakupinga mdogo wangu. Ile gundi haipo pale kushikilia bodi, skrubu ndio zinashikilia, gundi inajaza uwazi. Plaiwudi ina vibonde ambavyo jicho halioni, ukiacha hewa chini bodi inapiga kila mtu anapokanyaga na grauti, ile saruji ya kujazia kati ya marumaru, inaanza kumung'unyuka kwenye viungo. Paka kwa mwiko wa meno, laza bodi gundi ingali mbichi, kisha skrubu kila sentimita 20 hivi, zile za bodi ya simenti sio za jipsamu maana hizo vichwa vinakatika na kutu inazila. Viungo vya bodi visikae juu ya viungo vya plaiwudi, acha milimita 3 kati ya bodi na bodi, ujaze gundi na utepe wa wavu. Ukutani acha nafasi ya milimita 6, hapo mwisho inaingia silikoni, usijaze grauti.

mamaNyumba:
Asanteni sana jamani, nimeelewa. Kwa hiyo bodi nichukue ya milimita 12 ili iwe imara? Na je maji hayapiti?

seremala_mkongwe:
Ya 6 inatosha kwa sakafuni, hiyo nene itakupandishia tu kimo bila kuongeza nguvu. Maji yanapita dada, bodi haiharibiki kwa maji lakini haiyazuii, kwa bafu paka dawa ya kuzuia maji juu ya bodi na uipandishe ukutani kidogo kwenye kona.

kijana_wa_saiti:
Na upime mlango mapema, bodi ya 6 na marumaru ya 8 ukijumlisha na gundi tabaka mbili unapanda karibu sentimita 2, mlango utakwaruza kwa hiyo ukatwe chini. Choo nacho kitolewe kabisa usizunguke marumaru pembeni yake, ile shingo ya bomba la choo itabaki chini ya sakafu mpya, tafuta ringi ya kuipandisha kabla hujarudisha choo la sivyo itavuja tena pale pale.