Breki za Spacio zimekufa mteremko wa Soni, zikafufuka zenyewe. Nibadili masta silinda?

mie_wa_makorora
Habari zenu wadau, naomba msaada na mnisamehe maelezo ni marefu. Nina Toyota Spacio oto, nilinunua kwa mtu mwaka jana, mizunguko yangu ni hapahapa Tanga mjini, Makorora, Ngamiani, jioni Raskazone, mara mojamoja Muheza. Jumapili tulipanda Lushoto kwenye harusi ya shemeji yangu, kupanda freshi kabisa hakuna hata taa iliyowaka kwenye dashibodi. Kurudi ndo balaa. Tulikuwa watu sita halafu mama mkwe akaongeza gunia la viazi na makabichi sijui mangapi, ati huwezi kutoka Lushoto mikono mitupu. Soni tumepita vizuri, tukaanza ule mteremko wa kushukia Mombo, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mmoja korongo, na mbele yangu kuna fuso la mboga linatambaa kwahiyo mie mguu uko kwenye breki muda wote. Mara nikasikia harufu kama kitu kinaungua, nikajua ni la fuso. Dakika chache pedali ikawa laini, nakanyaga inazama mpaka chini kama nakanyaga godoro na gari haishiki!! Nikapampu pampu ikashika kidogo, hendibreki nayo navuta taratibu, Mungu saidia nikaisimamisha pembeni, ringi za mbele zinafuka moshi. Vijana wakaja na dumu la maji wakamwagia. Tukakaa kama dakika 40, najaribu pedali imerudi ngumu kama kawaida, nikashuka mdogomdogo, na toka Mombo mpaka Tanga haikusumbua tena.

Sasa fundi kaicheki anasema masta silinda, ile pampu ya oili ya breki inayosukumwa na pedali, imekufa anitafutie used. Swali langu, kama imekufa mbona breki imerudi yenyewe? Au ndo naliwa hela?

KahawaChungu
Masta silinda haina kosa, mwenye kosa ni gunia la mama mkwe 😂😂 pole sana kaka, mlikuwa mnaenda.

fundi_barabara_ya_12
Pole ndugu yangu. Usinunue kitu kwanza. Fanya hivi, gari ikiwa imesimama injini inawaka, kanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida uishikilie kama nusu dakika. Ikizama polepole na huku kwenye kikopo oili ya breki haipungui na magurudumu yote hayajalowa, hapo fundi wako ana hoja, masta silinda inapitisha kwa ndani. Ikikaa palepale haizami, masta yako iko vizuri, kilichokupata ni oili kuchemka.

Ndiyo, inachemka kama maji ya chai. Oili ya breki ina tabia ya kunywa unyevu wa hewani, inaunywa hata gari ikiwa imepaki tu, unapita taratibu kwenye mipira ya breki, na sisi tunaoishi na bahari mlangoni ndo usiseme. DOT 3, hilo ni daraja la oili ya breki, ikiwa mpya kabisa inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ikishakunywa maji kiwango chake kinaruhusiwa kushuka mpaka 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unaminyika, oili haiminyiki. Kwahiyo mguu wako ulikuwa unaminya mvuke, nguvu haifiki kwenye pedi. Ikipoa mvuke unarudi kuwa maji maji na pedali inarudi, ndo hiyo unaona imefufuka. Masta iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa.

Fungua kikopo uangalie rangi. Mpya ni kama maji ya mua, ya zamani ni kahawa. Hiyo inatakiwa kumwagwa yote kila miaka miwili hata kama gari haitembei, na mtu aliyekuuzia sidhani kama aliwahi. Tumia ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo, Toyota nyingi ni DOT 3, ukiweka DOT 4 pia sawa inastahimili joto zaidi, ila DOT 5 usiguse hiyo ni silikoni ni kitu kingine kabisa. Na kuna mafundi wanaongezea haidroliki eti yote mafuta, hiyo inavimbisha mipira yote ya mfumo, ukiona anaenda na kopo la namna hiyo chukua ufunguo wako uondoke. Kutoa upepo waanze gurudumu la nyuma kushoto maana ndo liko mbali na masta, wamalizie la mbele kulia, mpaka oili itoke safi bila povu. Ikidondokea rangi ya gari mwagieni maji hapohapo, inababua.

Pedi za mbele pia zitolewe ziangaliwe. Kama uso unang'aa kama kioo zimeungua, au zimebaki chini ya milimita 3, badilisha. Nyuma kama ni breki shuu wafungue ngoma wacheki nako.

Maji hayo mliyomwaga ndo yameniuma.

mzee_wa_scania
Fundi kamaliza upande wake, mie niongee upande wa mguu. Kijana ulishuka na gia gani? Maana hujasema na najua jibu, ulishuka na D.

Toka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita 30 na kitu na unashuka karibu mita elfu moja, na sehemu kubwa ya kushuka ndo hiyo ya chini ya Soni. Mwanangu anasoma mambo ya fizikia alinipigia hesabu siku moja nikacheka, gari ya tani moja na nusu ikishushwa huko kwa breki tupu, joto lake linatosha kuchemsha ndoo mbili za lita 20. Sasa joto lote hilo umelipeleka kwenye visahani viwili vya chuma huko mbele, unategemea nini.

Mlima unashuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Hiyo Spacio kwenye gia yako kuna kifungo cha O/D, yaani ovadraivu ile gia ya juu kabisa, kibonyeze iwake taa ya O/D OFF, mteremko ukikaza vuta kwenye 2, kona kali kabisa ukiwa chini ya 40 weka L. Injini italia, iache ilie, ndo inakushikia gari. Breki unagusa kwa nguvu unapunguza spidi halafu UNAACHIA, ipoe, siyo kuweka mguu juu yake kama umeweka kwenye stuli. Na fuso la mboga liache liende, unamfuatia nyuma wa nini, simama Soni kunywa chai.

Noah_ya_Pongwe
Mzee shikamoo, ila hiyo ya kuweka L si inaua gia boksi? Pedi na gia boksi kipi bei. Mie mteremko naweka frii (N) inateleza yenyewe mafuta nasevu.

mzee_wa_scania
Marahaba. Hizo namba 2 na L walizichonga kama urembo? Kinachoua ni kuitupia L ukiwa kwenye 80, ndo maana nimesema punguza kwanza.

Hiyo ya frii sikujibu mie, fundi mjibu huyu kabla hajazikwa.

fundi_barabara_ya_12
Hahaha. Ndugu wa Noah, hata hayo mafuta husevu. Gari za EFI, hizi zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta, ukiwa kwenye gia umeachia mafuta na injini inazungushwa na magurudumu, kompyuta inakata mafuta kabisa nozeli hazipulizi. Ukiweka frii injini inabidi ijizungushe yenyewe kwa mafuta, kwahiyo wewe ndo unachoma, na gari haina kinachoishika zaidi ya hizo breki. Kuna wengine wanazima na injini kabisa, huyo akikanyaga mara mbili tatu busta, ile inayousaidia mguu wako kukanyaga, inaishiwa, pedali inakuwa jiwe na usukani jiwe.

Noah_ya_Pongwe
Duh. Miaka minne nafanya hivyo.

BintiMuheza
Na breki zikifuka moshi jamani msivute hendibreki mkaiacha imekaza wakati nyuma nako kumeungua, weka P halafu tia jiwe kwenye tairi, usibaki umekanyaga pedali pia. Baba alinifundisha hivyo kwenye Hilux yake, mie nilidhani ni ushamba wa kizamani kumbe.

mie_wa_makorora
Wakuu nimerudi. Nilishikilia pedali nusu dakika haijazama hata kidogo. Nimepeleka gereji nyingine, oili iliyotoka ni nyeusi kama kahawa ya kijiweni wallahi, pedi za mbele zinang'aa kama sahani. Pedi mpya na oili mpya, gharama haijafika hata nusu ya ile masta ya used. Jumamosi nilimrudisha mama mkwe Lushoto (bila gunia), kushuka nimetumia 2 mpaka Mombo, wa pembeni ananiuliza mbona gari inalia, nikamwambia iache ilie. Nilishuka nikasogeza kiganja karibu na ringi, joto la kawaida tu.

Ila sasa nikiwa kwenye 80 nikikanyaga breki usukani unatetemeka. Ndo yale maji?

fundi_barabara_ya_12
Mara nyingi ndo yale maji. Diski ya moto ikimwagiwa inapinda, na ikizidi inapasuka. Unene wa mwisho huwa umechapwa kwenye diski yenyewe, wapime, kama bado kuna nyama ikachongwe, kama hakuna nunua mbili, usibadili ya upande mmoja.

KahawaChungu
Bili apelekewe mama mkwe.