Kikundi: Wodi ya Watoto Mahututi

Salma 07:12 Assalaam alaykum. Jumamosi baada ya Alasiri mazoezi ya kuweka kanula ya ateri, kile kimrija cha plastiki ndani ya mshipa unaodunda, kwa altrasaundi. Nataka majina 6.

Salma 07:40 Watu 19 mmesoma. Kimya.

Khamis 08:55 Waalaykum salaam. Tunamchoma nani?

Salma 08:56 Kidari cha kuku. Nitapitisha mpira wa dripu ndani, umejaa maji ya rangi, ncha zote zimefungwa.

Khamis 08:56 Ndimu na pilipili jee? 😂

Salma 09:03 Khamis! Kichanga kanula ya njano, saizi 24. Mkubwa kidogo buluu, 22. Bonyezeni probu, kile kichwa cha altrasaundi, kwanza: vena inabonyea yote, ateri inabaki ikidunda. Kifundo cha mkono kikae juu ya bandeji iliyoviringwa, msikipinde nyuma sana, ateri itabanwa.

Mwana 11:20 Lile doa jeupe la sindano kwenye skrini, utajuaje ni ncha na si mwili wa sindano?

Salma 11:24 Telezesha probu mbele kidogo. Likipotea, ilikuwa ncha. Sukuma sindano mpaka doa lirudi. Probu, sindano, probu, sindano. Damu ikitokea usishangilie, plastiki bado haijaingia. Endelea hivyo milimita chache ndani ya mshipa, ndipo uiteleze.

Rukia 12:31 Probu yenyewe itakuwa safi, au kama ile ya Ramadhani?

Saidi 12:33 Niliifuta.

Rukia 12:33 Ulifuta waya.

Khamis 12:34 Yameanza 🍿

Bi Zuhura 16:05 Nyie. Kuchoma mtajua. Nani atakaa na mtoto baadaye? Vidole vitazamwe kila saa. Vikipauka au vikipoa, kanula itoke, msisubiri kikao. Kichanga msimsukumie maji kwa nguvu, yanapanda kinyume mpaka kwenye ubongo. Nusu mililita, polepole. Dawa haipiti humo. Kibandiko chekundu nikione.

Salma 16:06 Sawa Bi Zuhura.

Khamis 16:06 Sawa Bi.

Rukia 16:10 🙏

Saidi 17:48 Jumamosi nipo Chake. Jumapili jee?

Dkt. Faki 18:20 Ateri ikiwa chini ya milimita 2 kutoka kwenye ngozi, inateleza. Pigeni salaini (maji ya chumvi) kidogo kati ya ngozi na mshipa, ateri ishuke milimita 2 hadi 4.

Salma 18:21 Ahsante Daktari. Na ile probu ndogo utatupa?

Khamis 19:02 Kuku wangu. Wawili. Mmoja wa mazoezi.

Salma 20:15 Daktari, probu?

Mwana 20:40 Kwani ni Jumamosi au Jumapili?