Baba kashinda rufaa kwa kasoro za mwenendo wa kesi, sasa anamtaka mtoto

MamaMdogo_Kilosa
Habari za jioni wadau. Marehemu dada yangu aliacha mtoto wa kiume, sasa ana miaka 8. Mwaka juzi baba yake alimchoma viganja vyote viwili kwa kijiko cha moto, kisa kadokoa nyama. Polisi wakatupa PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha, kesi ya ukatili kwa mtoto ikaenda mahakama ya wilaya, mtoto akaeleza bila kubabaika, baba akafungwa. Nikajua yamekwisha.

Wiki tatu zilizopita Mahakama Kuu imemwachia. Nimesomewa hukumu: ushahidi wa mtoto umefutwa kwa kuwa hakuahidi kusema kweli, PF3 nayo imefutwa kwa kuwa haikusomwa. Hakuna mahali pameandikwa kwamba hakumchoma! Jumapili kaja na kaka zake, anadai mwanawe. Mimi nina barua ya mwenyekiti wa kijiji tu, ina mhuri. Inatosha?

KaraniMstaafu
Pole sana mwanangu. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, hilo la ahadi nimeliona likiangusha kesi nzito. Kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi, tangu marekebisho ya 2016, kinaruhusu mtoto wa miaka 14 kushuka chini atoe ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na si uongo. Mahakama ya Rufani, kwenye Rufaa ya Jinai Na. 168 ya 2018, ilitaja hata maswali ya kumwuliza: umri wake, dini yake, kama anajua maana ya kiapo, kama anaahidi. Dakika mbili tu! Lakini enzi zetu mtoto alijibu kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na ahadi ikapotelea hapo katikati. Kisichoandikwa kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, kwa majaji hakikusemwa.

PF3 ni hivyo hivyo. Ikishapokelewa kama kielelezo, isomwe kwa sauti.

Wewe huwezi kukata rufaa, anayeweza ni DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka. Notisi ya rufaa ni ndani ya siku 30 tangu hukumu, kwa hiyo kesho asubuhi uwe kwa mawakili wa serikali.

Msaidizi_wa_Kisheria
Naongezea kwa mama mdogo. Barua ya mwenyekiti haina nguvu mbele ya baba mzazi. Na usikimbilie Mahakama ya Mwanzo, utapewa amri atakayoipangua wakili wake kwa hoja moja tu, kwamba mahakama hiyo haina mamlaka. Maombi ya matunzo na ulinzi yanasikilizwa na Mahakama ya Watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 98. Amri ya matunzo, ya kumtoa mtoto kwenye hatari, iko kifungu cha 18, na mwombaji ni ofisa ustawi wa jamii, si wewe. Akiipata, anaweza kumweka mtoto kwa ndugu, yaani kwako, hadi miaka 3. Huko hakudaiwi uthibitisho usioacha shaka kama kwenye jinai, kwa hiyo kuachiwa kwa baba hakufungi mlango.

MamaMdogo_Kilosa
Asanteni. Ofisa ustawi kasema niende kesho saa mbili na picha za viganja na kadi ya kliniki. Mtoto ananiuliza kama alikosea kuongea pale mahakamani, nakosa jibu. Nimwache shule au niende naye?

KaraniMstaafu
Nenda naye, ofisa atataka kumsikia mwenyewe. Na mwambie yeye hakukosea, aliyekosea ni mwenye kalamu.