Mfumo wa mizani ya dagaa Kibirizi: ufunguo mmoja wa AWS uko kila mahali, nianzie wapi?

BintiKatonga

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini, nahudumia mfumo wa kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Sikuujenga mimi. Aliyeujenga yuko Dar na simu yake siku hizi inaita tu haipokelewi. Kazi ya mfumo si kubwa: karani anapima kiroba cha dagaa wakavu, anapiga picha mizani na stakabadhi kwa simu, picha inapanda S3 (hifadhi ya mafaili ya AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta na hifadhi mtandaoni), mwenye mzigo anapata meseji. Usiku kompyuta ya ofisini inatuma nakala ya daftari la mauzo hukohuko S3.

Nilipofungua msimbo nikakuta ufunguo mmoja wa AWS (siri ambayo programu hutumia kuingia AWS), ule unaoanza na AKIA, umebandikwa sehemu tatu. Upo kwenye settings.py ya seva (imeandikwa kwa Django, iko EC2, yaani mashine ya kukodi ya AWS, Cape Town). Upo kwenye kompyuta ya ofisini. Na upo ndani ya apu ya simu za makarani, hapo ndipo nguvu ziliniisha. Ruhusa yake ni AdministratorAccess, yaani ruhusa ya kila kitu. Ufunguo wa kampuni ya meseji nao umelala pembeni yake. Msimbo wote uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, na repo (ghala letu la msimbo) imefungwa, haionekani na watu wa nje.

Kijana anayenisaidia anahamia Tabora mwisho wa mwezi na ana nakala ya kila kitu kwenye laptopu yake. Simshuku hata kidogo. Lakini mwenyekiti kaniuliza, "Akiondoka, anaondoka na nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Hizi funguo nizihifadhi wapi, na nizibadilishe vipi bila kusimamisha mizani? Intaneti ya mwaloni mnaijua, na bajeti ni ya kikundi, si ya benki.

Kobe_wa_Gungu

Dada weka kwenye .env (faili la siri kando ya msimbo), litie kwenye .gitignore lisipande GitHub, maisha yaendelee. Mnapenda kujitesa.

FundiMwanga

Kobe, .env ingemsaidia kama shida ingekuwa msimbo tu. Hapa ufunguo uko kwenye simu za watu. APK (faili la kusakinisha apu) ni faili la zip, mtu akilifungua kwa programu ya bure anausoma huo AKIA kabla chai haijapoa. Karani akiuza simu yake pale stendi, ameuza na akaunti nzima ya kikundi.

Dada BintiKatonga, kabla hujagusa chochote endesha hii:

`aws iam get-access-key-last-used --access-key-id AKIA...`

Itakupa tarehe ya mwisho ufunguo kutumika, huduma iliyoguswa na eneo. Mfumo wenu unagusa S3 ya Cape Town, yaani af-south-1. Ukikuta pameandikwa ec2 na eneo la Marekani au Ulaya, acha kusoma hapa, zima ufunguo muda huohuo, mizani isimame ikibidi. Wezi wa funguo hawana haja na picha za dagaa. Wanawasha mashine kubwa za kuchimba sarafu za mtandaoni, bili inakuja kwenu. Hiyo amri inaonyesha matumizi ya mwisho tu, kwa hiyo pitia pia CloudTrail (kumbukumbu ya matukio ya akaunti) uone siku za nyuma, inaweka matukio ya siku 90 bila malipo.

Ukikuta ni salama, usikimbilie swali la "nihifadhi wapi". Jiulize kwanza nani hasa anahitaji ufunguo. Kati ya sehemu zako tatu, mbili hazihitaji kabisa.

Seva ya EC2 haihitaji. Itengenezee IAM Role (utambulisho usio na ufunguo wa kudumu, ndani ya IAM, sehemu ya AWS inayosimamia ruhusa) yenye ruhusa za S3 zinazohitajika tu, uipachike kwenye mashine. Kuanzia hapo AWS yenyewe inaipa seva funguo za muda, zinaisha na kubadilishwa zenyewe, hakuna anayeziandika popote. Boto3, maktaba ya Python ya kuongea na AWS, inazichukua bila wewe kuongeza mstari. Ila kuna mtego hapa, na umewapata wengi: boto3 haianzi kutafuta kwenye role. Inaanza na ulichoandika kwenye msimbo, halafu vigeu vya mazingira, halafu faili la ~/.aws/credentials, na role inakuja mwisho kabisa. Ukisahau ule wa zamani sehemu moja tu, seva itaendelea kuutumia kimyakimya, na wewe utaamini umemaliza. Kwa hiyo ukishafuta, ingia kwenye seva uandike:

`aws sts get-caller-identity`

Ukiona "assumed-role" kwenye jibu, vizuri. Ukiona "user", kuna ufunguo umejificha kwenye mazingira au kwenye faili. Amri hii haisomi settings.py, hiyo ikague kwa macho yako.

Simu pia hazihitaji. Karani anaingia kwenye apu kwa jina na nywila yake, apu inaiomba seva ruhusa ya kupandisha picha moja, seva inatoa kiungo kilichosainiwa, cha faili hilo moja, kinachokufa baada ya dakika 15. Ni kama tiketi ya kivuko, inakuvusha mara hiyo na haikupi boti. Mtandao ukikatika Kibirizi, apu iweke picha kwenye foleni ndani ya simu na iombe kiungo kipya mtandao ukirudi. Usijaribu kurefusha kiungo kikae siku nzima. Kikisainiwa na funguo za muda za role, kinakufa pale funguo hizo zinapoisha, hata kama uliandika siku saba.

Inabaki kompyuta ya ofisini. Hii iko nje ya AWS, kwa hiyo ndiyo pekee ninayoikubalia ufunguo wa kudumu. Ipo IAM Roles Anywhere tangu 2022, inayotumia vyeti badala ya funguo, lakini kwa kompyuta moja ya ofisi ya mwaloni naona ni kununua lori kubebea beseni. Tengeneza mtumiaji wa IAM wa kompyuta hiyo peke yake, mpe s3:PutObject (ruhusa ya kupandisha faili) kwenye folda ya nakala tu. Asisome, asifute. Kwa vile PutObject inaweza kuandika juu ya faili lililopo, washa versioning (kutunza matoleo ya zamani) kwenye bucket, yaani chombo chenu cha S3, ili nakala ya jana isimezwe na uchafu wa leo. Ufunguo ukae ~/.aws/credentials, chmod 600 (mwenye akaunti tu ausome), na wala usiuweke kwenye folda ya mradi.

MtuWaIsevya

Nasalimu kutoka Tabora. Huyo kijana anakuja kwetu, mwambieni maembe yapo.

FundiMwanga kasema yaliyo mengi, mimi nakazia mawili. La kwanza ni hiyo repo "iliyofungwa". Dada usiitegemee. Uber mwaka 2016 waliingiliwa hivyohivyo: wavamizi walifika kwenye repo iliyofungwa ya GitHub, wakakuta ufunguo wa AWS, wakateremka hadi S3 na kuondoka na taarifa za watu milioni 57. Na ukifuta ufunguo kwenye settings.py leo, bado uko kwenye historia ya Git (kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo). Anayevuta repo anauvuta pia. Watu wanapoteza wikendi nzima wakisafisha historia kwa git filter-repo huku ufunguo wenyewe bado uko hai. Ua ufunguo kwanza. Ukishakufa, historia ni makaratasi tu.

La pili ni huyo kijana. Jibu la mwenyekiti linatakiwa liwe "anaondoka na begi lake". Kila mtu awe na utambulisho wake: kijana na wako, wewe na wako, kompyuta na wake. Siku ya kuondoka unafunga wa kwake na hakuna kingine kinachotikisika. Mkitumia ufunguo mmoja, kumwondoa mtu mmoja ni kubomoa nyumba nzima, ndiyo maana kila ofisi inaahirisha mpaka yanatokea ya kutokea. Msisahau na akaunti mama ya AWS. Mara nyingi iko kwenye barua pepe ya fundi wa kwanza. Ihamishieni barua pepe ya kikundi, wekeni uthibitisho wa hatua mbili, na kama ina funguo za root zifuteni.

Mna majina, namba za simu na mauzo ya watu humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na wanaoshika taarifa za watu wanatakiwa kuzilinda. Mwenyekiti akiona gharama ndogondogo ni kero, msomee hiyo.

BintiKatonga

Asanteni sana kaka zangu. Last used imeonyesha s3 na af-south-1, na CloudTrail haina kitu cha ajabu, nikapumua. Role nimeipachika. Mara ya kwanza get-caller-identity ikatoa "user" kama mlivyosema. Kumbe fundi wa zamani aliweka pia kwenye /etc/environment, faili la mazingira ya seva nzima, nisingefikiria kuangalia huko.

Sasa kompyuta ya ofisini imenikwamisha. Ufunguo mpya, ruhusa sawa, na kutoka laptopu yangu nakala inapanda vizuri. Pale ofisini inakataa: RequestTimeTooSkewed. Nimeunda ufunguo mwingine, ni hivyohivyo. Na hii kampuni ya meseji haina mambo ya role, ufunguo wao niuweke wapi?

FundiMwanga

Ufunguo hauna kosa, angalia saa. Kila ombi kwa AWS linasainiwa pamoja na muda wake, na S3 inalikataa likipishana na saa yao kwa zaidi ya dakika 15, ili mtu asilinase ombi lako na kulirudia kesho. Andika `timedatectl` utuwekee majibu hapa.

BintiKatonga

Local time 21:40, Time zone UTC (saa ya kimataifa), NTP inactive (haichukui saa mtandaoni). Na hapa ofisini ni saa tatu na dakika arobaini usiku kweli, saa ya ukutani inakubaliana nayo.

FundiMwanga

Basi umejijibu. Umeme ulikatika, betri ya saa kwenye ubao imekufa, mtu akarudisha saa kwa mkono akifuata saa ya ukutani, na kompyuta inaamini iko UTC. Sisi tuko mbele ya UTC kwa masaa matatu, kwa hiyo AWS inaona ombi limetoka masaa matatu yajayo. Shukuru hakuweka saa ya Kiswahili.

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Nunua na betri ya CR2032, maduka ya saa Mwanga wanazo. Ule ufunguo wa ziada ulioutengeneza ufute leo. Mtumiaji mmoja wa IAM anaruhusiwa funguo mbili tu, na nafasi ya pili utaihitaji siku ya kubadilisha: unaunda wa pili, unahamisha kompyuta, unahakikisha nakala imepanda, ndipo unazima wa kwanza.

Wa meseji uweke Parameter Store (sehemu ya AWS ya kutunza mipangilio na siri) kama SecureString, yaani ukiwa umesimbwa, ile role ya seva ipewe ruhusa ya kuusoma huo tu. Daraja la kawaida halina malipo ya kuhifadhi. Secrets Manager, huduma nyingine ya AWS ya kutunza siri, ni senti 40 za dola kwa kila siri kwa mwezi.

MtuWaIsevya

Hapo kwenye Secrets Manager nakupinga kidogo. Kwa nywila ya hifadhidata iliyoko RDS (huduma ya hifadhidata ya AWS) mimi nalipa hizo senti, kwa sababu inabadilisha nywila yenyewe kwa ratiba na sihitaji kukumbuka. Kwa ufunguo wa meseji sawa, haina maana, maana kampuni ya meseji hawatabadilisha upande wao kwa sababu AWS imeomba. Waulize kama wanakubali kuufungia kwenye IP (anwani ya mtandao) ya seva yenu. Wengine wanakubali, na hapo hata ukivuja hautumiki kutoka kwingine.

Kobe_wa_Gungu

Narudi na adabu. Hizo APK za makarani nimejaribu ya kwangu ya kazini. Ufunguo upo.

FundiMwanga

Kobe, pole. Fungua uzi wako tukusaidie, usituharibie huu.

BintiKatonga

Saa imerekebishwa, nakala imepanda. Imebaki apu mpya kwenye simu. Makarani wengine wana bando la kuhesabu na hawasasishi mpaka uwakalie. Nikizima AKIA ya zamani kabla hawajamaliza, picha zao zitagoma katikati ya kupima, na wenye mizigo ya Congo hawana subira. Nafikiria kungoja siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa haiendi ziwani na mzigo mwaloni umepungua. Kijana atakuwa bado yupo. Ni sawa?

FundiMwanga

Kungoja kwa ajili ya simu ni sawa, lakini usingoje na AdministratorAccess. Leo usiku mpunguzie huyo mtumiaji wa zamani ruhusa, abaki na PutObject kwenye folda ya picha tu. Simu hazitahisi kitu. Ikifika mbalamwezi, usifute moja kwa moja. Weka Inactive kwanza, maana hiyo inarudishika kwa amri moja akitokea karani uliyemsahau Ujiji. Acha mzunguko mmoja wa uvuvi upite, angalia last used kama imesimama tarehe ileile, ndipo ufute.

BintiKatonga

Ruhusa nimeshapunguza sasa hivi. Karani wa zamu kapandisha picha mbili, zimepita.